Bawa la Mdudu na Punje ya Chavua: Tunaisomaje Lindi ya Enzi ya Barafu?

Kama ungefungwa macho mwaka mzima, ukafunguliwa jioni moja uani kwetu Lindi, ungeujua msimu kwa kutazama taa tu. Ukikuta kumbikumbi wamejazana kwenye balbu na watoto wanagombania beseni la maji la kuwakingia, basi mvua za kwanza zimenyesha. Ukienda shambani ukaona machipukizi ya mikorosho yana makovu meusi ya mbu wa mikorosho, kiangazi kimeingia na maua yako njiani. Hukuhitaji kipimajoto wala redio. Mdudu amekuambia.

Sasa mtoe mdudu huyo kwenye taa, umfukie topeni miaka 20,000, abakiwe na bawa moja dogo kuliko punje ya uwele. Bado ana la kusema. Kuna watu wanaoishi kwa kazi ya kumsikiliza, yeye pamoja na mbegu, majani na vumbi la maua lililozama naye, na kwa ushahidi huo wanajenga upya nchi ambayo hakuna aliye hai aliyeiona.

Mkoani kwetu ukitaja visukuku, watu hukimbilia kilima cha Tendaguru na yule mjusi aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ambaye leo amesimamishwa Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Sina ugomvi na mjusi. Ila yule ni wa miaka milioni 150 iliyopita, kabla hata nyasi hazijatokea duniani. Enzi ya barafu ni juzi. Watu kama mimi na wewe walikuwepo, wakiwinda, wakichuma matunda, wakiwasha moto mapangoni.

Barafu ambayo haikufika

Jina lenyewe linapotosha. Kati ya miaka 26,000 na 19,000 hivi iliyopita, baridi ilipofikia kilele, Canada na Ulaya ya kaskazini zililala chini ya barafu yenye unene wa kilomita mbili, tatu. Lindi haikuwa na barafu hata ya kutia kwenye glasi. Huku Afrika Mashariki ilikuwa juu ya Kilimanjaro, Mlima Kenya, Ruwenzori na vilele vichache vingine, ingawa iliteremka chini zaidi kuliko ilivyo leo.

Lakini maji yote yale yaliyoganda kaskazini yalitoka mahali fulani, na mahali penyewe ni bahari. Bahari ilishuka kwa karibu mita 120. Unguja ikawa sehemu ya bara. Ndiyo maana katika pango la Kuumbi, kule Jambiani, wachimbaji wamekuta mifupa ya punda milia, mnyama asiyejulikana kwa kuogelea kwenda visiwani. Pemba ilibaki kisiwa kwa sababu mkondo wake na bara una kina kirefu mno. Huku kwetu, hori hili la Lindi ambalo leo pantoni inalivuka kwenda Kitunda lilikuwa bonde, na mto Lukuledi ukipita chini yake kutafuta bahari iliyokuwa imejitenga mbali.

Hewa nayo ilipoa. Vipimo vya tope la Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa vinaonyesha maji yake yalikuwa na baridi zaidi ya leo kwa nyuzi tatu hadi nne hivi. Nyuzi nne zinaonekana kidogo kwa mtu wa pwani anayelala na feni. Kwa msitu ni jambo kubwa.

Mzee wa mbawakawa

Hadithi ya wadudu inaanzia mbali, Uingereza, miaka ya 1950. Mwanajiolojia wa Birmingham, Russell Coope, alikuwa akichunguza machimbo ya kokoto huko Upton Warren, mahali palipotoa mifupa ya wanyama wa enzi ya barafu. Wenzake waliifuata mifupa. Yeye akavutiwa na tope jeusi lenye vipande vidogo vinavyometameta, vingine kijani, vingine rangi ya shaba. Yalikuwa magamba ya mbawakawa, yale mabawa magumu ya juu yanayofunika mabawa laini ya kurukia. Yameundwa kwa kitu kigumu ambacho, kikizikwa kwenye tope lisilopata hewa, hakiozi. Rangi inabaki, nywele zinabaki, hata vishimo vidogo vya juu ya gamba vinabaki.

Njia ya kuvitoa itamfurahisha kila aliyewahi kununua mafuta ya taa kwa kibaba. Tope linaoshwa kwenye chekeche yenye matundu ya robo au theluthi ya milimita. Kinachobaki kinachanganywa na mafuta ya taa, kisha yanamwagwa maji. Mafuta hung'ang'ania magamba ya wadudu kuliko yanavyong'ang'ania takataka za mimea, kwa hiyo vipande vya wadudu vinaelea juu na mabaki mengi ya mimea yanazama. Unavikwangua juu kama mtu anayetoa tui. Nimesoma maelezo ya mitambo ya mabilioni ya shilingi, lakini hakuna uliowahi kunipendeza kama huu wa ndoo na mafuta ya taa.

Halafu kazi ngumu inaanza: kumjua mwenye gamba. Mtafiti anakaa na hadubini na makabati ya wadudu wa leo, analinganisha kimoja kimoja. Mara nyingine kinachomaliza ubishi ni viungo vya uzazi vya dume, ambavyo kwa mbawakawa hutofautiana sana kati ya spishi na spishi, na navyo hudumu topeni maelfu ya miaka. Aibu haina nafasi maabara.

Coope alitarajia, kama walivyotarajia wote, kukuta wadudu waliokwisha kutoweka duniani. Hakuwakuta. Karibu wote walikuwa spishi zinazoishi hadi leo, ila hazikuwa zinaishi Uingereza. Mmoja wao, mbawakawa alaye mavi aitwaye Aphodius holdereri, alikuwa wa kawaida katika tope la Uingereza ya enzi ya barafu. Leo unampata nyanda za juu za Tibet tu. Nchi ilipobadilika hali, mdudu hakubadilika umbo. Alihama.

Hapo ndipo msingi wa kazi yote ulipo. Ikiwa mdudu ni yuleyule, na mahitaji yake ni yaleyale, basi anwani yake ya leo inatueleza hali ya hewa ya pale alipofia zamani. Na ukiwa na wadudu wengi kwenye tope moja, unaweza kubana zaidi. Tuchukue mfano. Wa kwanza leo anaishi penye joto la nyuzi 8 hadi 16 wakati wa kiangazi. Wa pili anahitaji 12 hadi 20. Wa tatu hatoki nje ya 10 na 14. Wote watatu wamekufa pamoja, siku zilezile, dimbwi lilelile. Joto pekee linalowaweka chini ya paa moja ni kati ya nyuzi 12 na 14. Mwaka 1987 Coope pamoja na watafiti wenzake Atkinson na Briffa walitumia hesabu ya namna hiyo kuandika mwenendo wa joto la Uingereza kwa miaka 22,000.

Umri wa tope lenyewe hupatikana kwa kaboni 14, ambayo nusu yake hupotea kila miaka 5,730. Ukivuka miaka 50,000 hivi, iliyobaki ni kidogo mno kupimika.

Mashahidi wawili wanapogombana

Kabla ya wadudu kulikuwa na chavua, yaani lile vumbi la maua. Mwaka 1916 Msweden Lennart von Post alionyesha, katika mhadhara mjini Oslo (wakati huo ukiitwa Kristiania), kwamba ukihesabu punje za chavua tabaka kwa tabaka unaweza kufuata misitu ikija na kuondoka. Punje ya chavua ni ndogo mno, mara nyingi chini ya moja ya kumi ya milimita, lakini ganda lake ni gumu ajabu. Wanaosafisha sampuli hutumia tindikali kali inayoyeyusha hata mchanga, na chavua inatoka salama. Kisha mtu anakaa kwenye hadubini kuhesabu mamia ya punje kwa kila tabaka: hii nyasi, hii podo (mti wa milimani), hii ndago. Ni kazi ya subira, na sidhani ningeiweza.

Kwa muda mrefu picha ya chavua ndiyo iliyoaminiwa Ulaya. Coope alipofika na mbawakawa wake, ukazuka mgogoro. Kwenye matabaka ya miaka kama 14,500 iliyopita, barafu ilipoanza kulegea, wadudu walisema kiangazi cha Uingereza kilikuwa na joto karibu sawa na la leo. Chavua ikasema hapana: hakuna miti, ni majani na vichaka vya nchi ya baridi.

Nani mwongo? Hakuna. Mbawakawa ana mabawa na maisha mafupi. Joto likipanda leo, baada ya miaka michache yuko hapo. Mti unatembea kwa mbegu, kizazi kwa kizazi, na unahitaji udongo ulioiva. Unaweza kuchelewa mamia ya miaka. Kwa hiyo pengo kati ya ushahidi wa mdudu na ushahidi wa mti halikuwa kosa la maabara. Lilikuwa kipimo cha jinsi joto lilivyopanda haraka. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote katika fani hii: mashahidi wawili waliposhindwa kupatana, kutopatana kwenyewe ndiko kulikosema kweli.

Chavua inavyodanganya miombo

Sasa lete hekima hiyo Kusini yetu, uone inavyopata taabu.

Bara la Lindi na Mtwara, kuanzia Nachingwea hadi Liwale na Nanyumbu, ni nchi ya miombo. Miti yake mingi huchavushwa na wadudu, hivyo haimwagi chavua ovyo kwenye upepo. Nyasi humwaga. Matokeo yake ni kwamba tope lililotulia katikati ya miombo mizito linaweza kukuonyesha nyasi nyingi na miti michache, na mgeni asiyejua akaandika kwamba hapa palikuwa mbuga tupu. Podo ni kinyume chake: punje yake ina vifuko viwili vya hewa, inapeperuka mbali, na chache zikionekana kwenye tope la bondeni si lazima mti uwe umewahi kusimama hapo. Nazo nyasi ni kama watu waliovaa kanzu sare. Chini ya hadubini punje za tete, mianzi na majani ya mbugani zinafanana mno. Ili kuzitenganisha inabidi kutafuta vijiwe vidogo vya silika vilivyoundwa ndani ya majani, vilevile vinavyokukata kidole ukipapasa ukingo wa jani la unyasi. Kila kundi la nyasi lina umbo lake la kijiwe.

Kuna mtego mwingine, wa hewa yenyewe. Wakati wa kilele cha barafu, hewaukaa ilikuwa sehemu 180 hadi 190 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Miti ikikosa gesi hiyo hudhoofika, wakati nyasi nyingi za nchi za joto, pamoja na jamaa zake mtama na mahindi, zina ufundi wa kuikusanya hata ikiwa adimu. Kwa hiyo chavua ikionyesha miti imepungua milimani, sehemu ya sababu ni baridi, sehemu ni ukame, na sehemu ni njaa ya hewa. Watafiti wa mwanzo walioitupia baridi lawama yote walipata baridi kali kupita ukweli.

Sisimizi wa sandarusi

Na mbawakawa je? Tope la namna ya Upton Warren ni nadra kwetu. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaokunywa maji haraka. Madimbwi hujaa masika na kukauka kiangazi, na kila yanapokauka hewa huingia na kuozesha. Mbali kusini mwa Afrika, Namibia na kusini ya Afrika Kusini, wanatumia hata vinyesi na mikojo ya pimbi iliyoganda mapangoni kama lami, imejaa chavua ya makumi elfu ya miaka. Tuna majabali makubwa kule Masasi, lakini akiba ya aina hiyo inataka ukame, na mvua za Masasi huosha.

Tulicho nacho ni sandarusi. Utotoni mtaani kwetu palikuwa na mzee wa Kimwera aliyetunza kipande kimoja ndani ya kopo la chai, urithi wa baba yake. Nilikuwa nikipita kumwamkia kwa ajili ya kopo lile.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Umekuja kwangu au umekuja kwa sisimizi?"

Sisimizi alikuwa ndani ya kipande, miguu yote ipo. "Alikuja kunywa," babu akasema, "akanywewa yeye."

Sandarusi ni utomvu wa mti wa msandarusi, uliomwagika na kufukiwa. Karne ya 19 ulichimbwa pwani yote hii na kupelekwa Unguja, kisha Salem kule Marekani na kwingineko, ukatengenezewa vanishi ya samani na magari ya farasi. Wachimbaji walitofautisha chakazi, utomvu mbichi wa bei ya chini, na sandarusi ya kweli iliyokaa ardhini hadi ngozi yake ikawa na vipele kama ya bata aliyenyonyolewa. (Waingereza walishindwa kutamka chakazi, wakaligeuza kuwa jina la punda dume. Limebaki hivyo kwenye vitabu vyao.) John Kirk, tabibu aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja, alikuta majani na vichomozo vya maua ndani ya sandarusi ya kuchimbwa, akaonyesha kuwa ni ya mti uleule unaoota leo.

Jambo lililowashangaza wageni wa wakati ule ndilo linalotuhusu: sandarusi nzuri ilichimbwa hata mahali pasipo na msandarusi, kwenye uwazi wa nyasi na vichaka. Mti hauondoki na utomvu wake uliokwisha kufukiwa. Kila shimo lile lilikuwa alama ya msitu uliokufa au kurudi nyuma.

Ila tusimpakie sisimizi mzigo asioweza. Utomvu wa aina hii uliopimwa kwa kaboni katika nchi kama Colombia na Madagascar, mara nyingi ukiuzwa kama wa kale sana, umeonekana kuwa wa mamia au maelfu machache tu ya miaka. Tena utomvu ni mtego unaochagua: hunasa wadogo wanaotambaa kwenye magome, sisimizi, visubi, nyuki wadogo wasiouma. Mbawakawa wa majini au wa kwenye mavi ya nyati hatamkaribia msandarusi. Ukiisoma nchi nzima kwa kipande kimoja, utadhani Lindi yote ilikuwa gome la mti.

Majirani hawasemi neno moja

Wengi husema kwa ufupi kwamba baridi ya kaskazini ilileta ukame Afrika. Ziwa Victoria linaunga mkono: kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita lilikauka, na wataalamu wamekuta udongo wa nchi kavu chini ya tope lake. Lakini tope la kinamasi cha Deva-Deva, milima ya Uluguru, lenye chavua ya miaka kama 48,000, linaonyesha msitu ulioyumba tu bila kuanguka. Maelezo yanayokubalika na wengi ni bahari: upepo wa Bahari ya Hindi uliendelea kuleta unyevu kwenye miteremko inayoitazama. Na Ziwa Nyasa, lililochimbwa chini yake mwaka 2005, lina kalenda yake. Ukame wake wa kutisha, ulioshusha maji kwa mamia ya mita, ulitokea kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, zamani sana kabla ya kilele cha barafu.

Lindi iko nyuzi kama 10 kusini ya ikweta, katikati ya ugomvi huo, kwenye eneo ambalo mifumo ya mvua ya kaskazini na ya kusini hupokezana. Kuazima jibu la Victoria ni kosa, na la Nyasa vilevile.

Shahidi mmoja yu hai na analia usiku. Komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, anaishi misitu ya Rondo na Litipo hapa mkoani, kisha unamkuta tena Pugu na Pande karibu na Dar es Salaam, na Zaraninge kaskazini zaidi. Kati ya hapo nchi ni wazi, naye si mnyama wa kuvuka uwazi. Wazee wake walipita wakati msitu ulikuwa umeungana. Nyakati kavu zikaukata vipande, naye akabaki kwenye kila kipande. Hakutuachia tarehe, ila ametuonyesha ramani.

Kwa tarehe inabidi tope. Wengine wangeanza Ziwa Rutamba, pembeni ya Litipo. Mimi ningetega bomba la kuchotea tope kwenye kona iliyotuama ya hori la Lindi, na kusoma kutoka juu. Tabaka la kwanza lingekuwa na chavua ya mkorosho, ulioletwa na Wareno kutoka Brazil kuanzia karne ya 16. Palipo na mkorosho si zamani. Chini yake mikoko, na hapo pana mizani yake: mkoko wenyewe humwaga chavua nyingi upeponi, mchu humwaga kidogo, kwa hiyo punje chache za mchu zina uzito wa nyingi za mkoko. Mikoko huota penye kupwa na kujaa tu, hivyo kila tabaka lake ni alama ya bahari ilipokuwa imefika ikipanda. Ukishuka zaidi mikoko inakatika. Linaanza tope la maji baridi, ndago, matete, bonde la Lukuledi kabla chumvi haijaingia. Hapo ndipo ningemtuma mtu dukani akalete lita moja ya mafuta ya taa.